Dari lilishuka, siri ikatoka

Kitambaa cha juu ndani ya gari kikianza kuning'inia, wengi wetu tunakimbilia pini. Mwenzenu niliishi na pini hizo mpaka siku tuliyonusurika kwenye mteremko wa Kamachumu.

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Ukipanda gari la rafiki yako ukakuta kitambaa cha juu kimeshuka mpaka kinakugusa nywele, unawaza nini? Mimi nilikuwa nawaza moja tu: hawa wamefulia. Halafu nikaolewa, tukanunua gari, na yakatukuta na sisi.

Gari letu ni RAV4 ya mwaka 2001, ile ya milango mitano. Lilitumika Japani kwanza ndipo likaja kwetu. Miaka ya mwanzo lilikaa Dar es Salaam, likianikwa juani kwenye maegesho ya ofisi tangu asubuhi hadi jioni. Mume wangu alipohamishiwa kazi Bukoba, akaondoka nalo. Mimi nikabaki Dar na gazeti langu, nikawa mke wa simu na wa likizo. Yeye akapanga nyumba Nyanga, humo humo ndani ya manispaa ya Bukoba, na gari likawa linalala nje chini ya mparachichi. Na Bukoba unaijua kwa mvua. Ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania nzima.

Dari lilianza kama mchezo. Juu ya siti ya nyuma kitambaa kilivimba kidogo, ukikigusa kinarudi ndani kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Baada ya miezi michache uvimbe ukafika mbele. Mwezi Aprili mume wangu akanipigia: "Mama, hili dari sasa linaniaibisha, juzi nimempa lifti bosi." Nikamtumia shilingi laki mbili na nusu kwenye simu siku ile ile. Mwanamke wa kisasa hasubiri aombwe mara mbili, ndivyo nilivyojisifu.

Mei nikauliza. "Fundi anasubiri kitambaa kutoka Mwanza." Julai nikauliza tena. "Fundi kasafiri, kafiwa." Septemba sikuuliza. Niliona nitakuwa mke wa kelele.

Novemba nikaenda likizo. Nilipofungua mlango wa gari pale uwanja wa ndege nilikuta pini. Zile pini kubwa tunazofungia nepi za watoto, kumi na nne kwa hesabu yangu, zimebana kitambaa kama kidonda kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona. "Fundi?" nikauliza. "Fundi bado," akajibu, akawasha redio.

Jumamosi ya Kamachumu

Jumamosi tulikwenda kumsalimia mama mkwe Kamachumu, wilayani Muleba. Kwa asiyepajua, unatoka Bukoba, unapita Kemondo, ukifika Muhutwe unaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda. Ni mlima hasa. Juu kuna migomba, mibuni na hewa ya baridi inayokufanya utake kuchemsha chai kila saa.

Mama mkwe alitupokea vizuri. Nilipopiga goti na kumwamkia, akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante mwanangu. Mungu awazidishie. Haya mabati yamenistiri." Nikatazama jikoni kwake, kweli, mabati mapya yanang'aa. Nikatabasamu nikajibu, "Amina mama." Sikuelewa ananishukuru kwa lipi. Nilidhani ni zile shukrani za wazee, ambazo hugawiwa kila mtu aliyepo.

Jioni tukaanza kushuka. Manyunyu yakaanza, vioo vikapata ukungu, nami nikashusha kioo cha upande wangu ili tupate hewa. Kosa. Upepo uliingia chini ya kitambaa, pini zikaanza kuchomoka moja moja, pa, pa, pa, halafu kitambaa chote cha mbele kikatufunika. Mume wangu alikuwa kama bibi harusi aliyeshushiwa shela, mikono kwenye usukani, macho hayaoni kitu.

Alikanyaga breki. Gari likaseleleka kwenye utelezi, tairi la kushoto likaingia mtaroni, tukasimama. Nilipotoa kichwa nje niliona bodaboda imesimama hatua chache mbele yetu, ilikuwa inapanda na mikungu miwili ya ndizi nyuma. Yule kijana akashuka, akaja taratibu akachungulia. "Waitu, mko salama?" Kisha akatuona tulivyofunikwa, akacheka mpaka akashika magoti.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu zile hatua.

Tulifika Nyanga bila kusemeshana. Jumapili vilevile. Nyumba ikawa na heshima nyingi ya uongo: "Chai hiyo." "Asante." "Naenda dukani." "Haya."

"Shemeji, hili gari sijawahi kulifungua mlango"

Jumatatu nikachukua funguo. Mume wangu akasema tungoje twende wote, ana kikao. Nikamwambia kikao chema. Nikaenda mwenyewe Rwamishenye kwa fundi wa siti ambaye miezi saba nilikuwa nasikia habari zake: kafiwa, kasafiri, anangoja mzigo wa Mwanza.

Nikamkuta anashona siti ya Hiace. Nikamsalimia, nikamweleza kwa adabu yenye ncha kwamba gari ndilo hili, tangu Aprili amelipwa, na juzi limetaka kutuua. Fundi akaacha cherehani. Akaniangalia kwa huruma, ile ya mtu anayejua kwamba maneno yake yataharibu siku ya mwenzake.

"Shemeji, mumeo namfahamu, tunasalimiana hapa kila siku. Lakini hili gari sijawahi hata kulifungua mlango."

Nilikaa kwenye kiti cha Hiace. Fundi, ili tu kuua ule ukimya, akaingia kwenye gari na kuanza kunifundisha. Akavuta kipande cha kitambaa, akapitisha kidole kwa nyuma, akanionyesha: vumbi la rangi ya kahawia, linalonata kidogo.

"Wengi wanakuja na gundi yao wanasema fundi bandika tu. Sasa gundi inashika nini, shemeji? Vumbi?"

Alinieleza kwamba dari la gari ni tabaka tatu. Juu kabisa kuna bodi ngumu iliyoundwa kufuata umbo la paa. Chini kuna kitambaa unachokiona. Katikati kuna sponji nyembamba ambayo kiwandani ilishikanishwa na kitambaa. Joto la miaka na unyevu wa miaka vinaila ile sponji mpaka inakuwa unga. Ikishakuwa unga, kitambaa hakina cha kukishikilia. Unaweza kubana pini, unaweza kupuliza gundi kwa sindano, kitakaa wiki mbili kisha kitashuka tena. Dawa ni moja: kuteremsha bodi nzima, kukwangua uozo wote, na kuanza upya.

"Kitambaa chenu kizima," akamalizia. "Bodi nzima. Kilichooza ni cha katikati."

Jamani, niliendesha gari mpaka nyumbani maneno hayo yakinizunguka kichwani.

Mabati

Usiku sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Fundi anakusalimia." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema yote.

Aprili ile ile, siku mbili baada ya mimi kutuma pesa, upepo wa masika uliezua jiko la mama yake. Mama alikuwa anapikia chini ya mvua na hakutaka kumwambia mtu. Jirani ndiye aliyepiga simu. Mume wangu akachukua pesa ya dari, akanunua mabati na misumari, akalipa fundi seremala. Na mama yake akamwambia kwamba pesa imetoka kwetu wote wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema, 'Tena mama yako?'"

Nilitaka kubisha. Lakini nilikumbuka Januari, aliponiambia kuhusu dawa za mama za presha, nilisema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo. Mimi nilisema nikasahau. Yeye hakusahau. Tangu hapo kila kitu kinachohusu mama yake alikuwa anakipitisha mlango wa nyuma.

Sikumsamehe kwa sababu mabati ni kitu chema. Uongo wa miezi saba ni uongo, na ungeweza kutumaliza pale mteremkoni pamoja na kijana wa watu na ndizi zake. Hilo nilimwambia, na alilia. Lakini nami ilibidi niseme langu: niliifanya nyumba yetu kuwa mahali ambapo mtu anaogopa kumtaja mama yake. Tulilala saa nane usiku.

Lubugo, kijivu au kitenge?

Asubuhi tukaanza kubishana tena, safari hii kuhusu rangi. Nilifurahi kweli. Ulikuwa ubishi wa kawaida.

Mimi nilitaka lubugo. Kwa msomaji asiyekijua, lubugo ni kitambaa cha magome ya mti wa jamii ya mkuyu, ambao Waganda wanauita mutuba. Gome linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kulainika, likikauka linapata rangi nzuri ya udongo mwekundu. Mti haufi, shina lake hufunikwa kwa majani ya mgomba, nalo huotesha gome jipya. Wazee wa Buhaya nao walikivaa kabla nguo za pamba hazijaenea. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utengenezaji wake nchini Uganda kuwa urithi wa binadamu, na siku hizi ukienda Kampala unakuta mikoba, kofia hata mapazia yake. Nikaona, kwa nini nisiwe na dari la lubugo?

Nikampigia mama mkwe kumwuliza kama bado kinapatikana huko Muleba. Kimya kidogo, kisha: "Mawe! Mwanangu, mnataka kutembea ndani ya sanda mkiwa hai?" Akanieleza kwamba enzi zao wazee walizikwa wamezungushiwa hicho. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akainama kuficha kicheko. Fundi naye akaupigilia hoja yangu msumari wa mwisho: lubugo unene wake haulingani, na kwenye mikunjo ya bodi hakitanuki sawasawa.

Mume wangu yeye alitaka kijivu kama cha kiwandani. "Gari ni gari. Siku tukitaka kuliuza, nani atanunua shughuli ya harusi?" Hoja yake ina maana, na wewe msomaji uifikirie. Dari lenye mbwembwe linapunguza wateja.

Tukaenda soko kuu la Bukoba kuangalia vitenge. Nikapenda kimoja cha bluu iliyoiva na duara za rangi ya haradali. Fundi akakipima: upana wake ni kama sentimita 115, na bodi yetu ukihesabu na sehemu ya kukunjia kingo inataka zaidi ya hapo. Kitenge peke yake hakitoshi. Tukatazamana. Ndipo mume wangu akasema, "Basi kitenge kati, kijivu pembeni." Nikakubali kabla hajabadili mawazo.

Siku ya kazi

Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akavaa ovaroli. Fundi alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Kisha vizuia jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, plastiki za kwenye nguzo, raba za milango. Kila skrubu ikaingia kwenye kikopo chake chenye jina. Siti zikalazwa, na bodi ikatolewa kwa mlango wa nyuma, watu wawili wakiibeba kama mgonjwa. Ikipinda mahali pasipotakiwa inavunjika, na ule ufa utauona kwenye kitambaa kipya milele. Ilipotoka, yakadondoka mabawa makavu ya senene. Fundi akasema ukiona hayo ujue gari limeshakuwa la Bukoba.

Kukwangua alipewa mume wangu. Brashi ya kufulia nguo, barakoa usoni, saa mbili nzima. Brashi ya waya fundi aliikataa kwa kuwa inachana bodi. Vumbi la sponji liliruka kama unga wa mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimeshakifua kitenge na kukipiga pasi tangu jana yake, maana pamba hujikunja ikilowa, na heri ijikunje kwenye kamba kuliko darini. Fundi akakishona pamoja na kijivu, akabandika nyuma yake sponji mpya ya milimita kama 4.

Gundi ilikuwa ile inayovumilia joto. Ya viatu hulainika gari likichemka juani, na baada ya miezi michache unarudi kwenye pini. Unapaka pande zote mbili, bodi na sponji, unasubiri mpaka ukigusa isishike kidole. Kitambaa kinakunjwa nusu, unaanza katikati ya bodi, unasukuma kwa kiganja kwenda pembeni. Hapo ndipo tulipohitajiana. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine.

"Usivute," fundi alikuwa akirudia. "Ukivuta wewe, mwenzako atabaki na mkunjo."

Kwenye mashimo ya taa na vishikio alikata alama ya mkasi yenye umbo la X, akakunja ncha ndani. Bodi ikalala usiku mzima, kesho yake ikarudishwa. Kutoka yadi sita za kitenge tulitumia mbili na nusu. Zilizobaki nimeshona gauni, na ndiyo, nimeshalivaa ndani ya gari hilo.

Jumapili tukapanda tena Kamachumu. Safari hii nilimshukuru mama mkwe mimi, nikamwambia ukweli kwamba habari ya mabati nimeijua juzi tu, na kwamba akipatwa na shida anipigie mimi pia. Akamtazama mwanawe jicho moja refu, hakusema neno. Baadaye akaja kuliona gari. Akaingiza kichwa, akatazama juu, akapapasa kitenge kwa vidole.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa kila mmoja ana dari lake."

KABLA HUJAPELEKA GARI KWA FUNDI

• Pima tatizo. Bonyeza kitambaa kilichoshuka kisha ukisugue taratibu. Ukisikia vumbi au chembe nyuma yake, sponji imeoza na gundi pekee haitasaidia.

• Usiendeshe na kitambaa kinachoziba kioo cha kutazama nyuma. Kama huna pesa sasa, ni heri ukiondoe chote ubaki na bodi tupu. Haipendezi, ila unaona njia.

• Chunguza mifuko ya hewa. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mifuko hiyo kwenye kingo za paa na kwenye nguzo. Betri ichomolewe na fundi asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Kitambaa kisishonwe wala kugundishwa juu ya sehemu inayofunguka.

• Jaribu moto. Kata kipande cha kitambaa na sponji yake, kichome nje, mbali na gari na gundi. Kikiwaka kwa kasi, usikiweke juu ya kichwa cha mwanao. Marekani, kwa kanuni yao namba 302, kitambaa cha ndani ya gari hakiruhusiwi kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

• Chagua maua yasiyo na juu wala chini. Kitenge chenye ndege au vikapu kitaonekana kichwa chini miguu juu kwa nusu ya abiria. Na rangi nyeupe sana huonyesha gundi.

• Paka gundi mahali penye hewa, milango ikiwa wazi, bila sigara.

• Nendeni wawili. Kazi yenyewe inataka mikono minne, na fundi akiulizwa na wote wawili, hakuna wa kusingiziwa kafiwa.